Arei zote ziko chini ya GB 2 lakini linka inagoma: -mcmodel ipi kwa programu ya Fortran inayotumia .so?

#1 Korongo88
Habari wakuu. Nina programu ya Fortran 77 ya mtiririko wa maji mtoni. Inaunganishwa na maktaba shirikishi (.so) ya C inayosoma data. Mashine ni x86-64, Linux, GCC. Ndani ya mto.f:

```
      real*8 g(15000,15000), b(100000000)
      real*8 kazi(15000,15000)
      common /grid/ g
      common /bufa/ b
      save kazi
```

Upande wa C, soma.c ina `double bufa_[100000000];` ili zishirikiane eneo moja. Najenga hivi:

```
gcc -O2 -fPIC -shared soma.c -o libsoma.so
gfortran -O2 -c mto.f sub.f
gfortran mto.o sub.o -L. -lsoma -o mto
```

Linka inajibu:

```
mto.o: relocation truncated to fit: R_X86_64_PC32 against symbol `bufa_' defined in COMMON section in mto.o
```

g na kazi ni GB 1.8 kila moja, b ni GB 0.8. Hakuna inayofika GB 2, na inayolalamikiwa ndiyo ndogo kuliko zote. Nijenge mto na libsoma.so kwa modeli moja ya msimbo (-mcmodel, inayoiambia kompaila msimbo na data viko mbali kiasi gani)? medium au large?

#2 BitiNane
Weka `-mcmodel=large` kila mahali, mto na libsoma.so, umalize. large haidhani chochote kuhusu umbali, kwa hiyo hakuna rilokesheni (nafasi ambayo linka hujaza anwani) ya biti 32 itakayofurika. Ukichanganya modeli kati ya programu na .so unajitafutia matatizo.

#3 Nahodha_ELF
@BitiNane sehemu ya mwisho si kweli, na ndiyo inayopotosha watu wengi. Modeli ya msimbo ni ahadi unayoipa kompaila kuhusu umbali ndani ya moduli MOJA, yaani faili tekelezi moja au .so moja. Ukivuka mpaka wa moduli, anwani haikai tena ndani ya maelekezo ya prosesa. Inakaa kwenye GOT, jedwali la anwani la kila moduli, na kila nafasi ya GOT ni baiti 8, biti 64 kamili. Fanksheni ya moduli nyingine unaifikia kupitia PLT (vijidaraja vya kuitia fanksheni), nayo PLT inaruka kwa anwani iliyo ndani ya GOT hiyohiyo.

Ushahidi unao kwenye mashine yako. Fungua `/proc/PID/maps` ya programu yoyote ya PIE (inayoweza kupakiwa popote): yenyewe iko kwenye 0x55..., maktaba ziko 0x7f.... Kati yake kuna makumi ya TB, na zote zimejengwa kwa small, modeli ya kawaida inayodhani msimbo na data ya moduli viko ndani ya GB 2. Kama modeli ingehusu umbali kati ya moduli na moduli, hata libc isingeitika.

Kwa hiyo libsoma.so iache ilivyo. Data yake ni GB 0.8, inatosha ndani ya small. Tatizo lako ni mto peke yake.

#4 Mwanagenzi_Linka
Naomba kuuliza kidogo. Hili ni tofauti na lile la "recompile with -fPIC"?

#5 Nahodha_ELF
Tofauti kabisa. Lile linasema *aina* ya rilokesheni hairuhusiwi ndani ya .so, mfano R_X86_64_32 dhidi ya .rodata: anwani kamili ya biti 32 haiwezi kuandikwa kwenye kitu kitakachopakiwa popote. Dawa ni -fPIC. Hili la Korongo linasema aina inaruhusiwa lakini *thamani* haikutoshea kwenye biti 32 zenye alama. -fPIC haiongezi masafa ya lea (maelekezo ya kuhesabu anwani) hata baiti moja.

#6 Bi Rejista
Hakuna aliyejibu kwa nini ni bufa_. Hesabu ni nyepesi. Skripti ya kawaida ya GNU ld inapanga sehemu ya .bss (data tuli isiyo na thamani za mwanzo) kwa utaratibu huu: `*(.dynbss)`, kisha `*(.bss .bss.*)`, kisha `*(COMMON)`.

kazi ina SAVE (yaani ni tuli) na haimo kwenye COMMON (eneo linaloshirikiwa kwa jina kati ya faili), kwa hiyo inaingia .bss ya mto.o na kutangulia. Kisha COMMON:

kazi: 0 hadi GB 1.8
grid_: GB 1.8 hadi 3.6
bufa_: GB 3.6 hadi 4.4

Masafa ya PC32, rilokesheni iliyotajwa kwenye kosa, ni baiti 2,147,483,647 kwenda mbele kutoka kwenye msimbo. Mwanzo wa kazi unafikika. Mwanzo wa grid_, GB 1.8, unafikika. Mwanzo wa bufa_ uko 3.6, haufikiki. Kinachohitaji kufikika ni mwanzo tu, kwa sababu g(i,j) huhesabiwa kwa kuongeza fahirisi ya biti 64 juu ya mwanzo. Ndiyo maana grid_ inayoishia 3.6 haikulalamikiwa.

Kosa humtaja aliyesukumwa, halimtaji aliyesukuma. Kabla ya kugusa swichi yoyote:

```
nm -S --size-sort -t d mto.o | tail
gfortran ... -Wl,-Map=ramani.txt
```

Halafu tafuta .bss na COMMON ndani ya ramani.txt.

#7 Kipepeo_wa_Pwani
Mimi nashuku maktaba tuli. Ukiweka -static-libgfortran, libgfortran.a imejengwa kwa small na .bss yake ndiyo inayosukumwa. Nimeona makosa ya namna hii yakitaja faili za ndani ya libgfortran.a ambazo mtumiaji hajawahi kuzigusa.

#8 Bi Rejista
Makosa hayo yapo kweli, ila si kwa namba hizi. .bss ya libgfortran.a ingeanza baada ya kazi, kwenye 1.8, na hapo bado zimebaki takribani MB 347. Akiongeza kazi iwe (17000,17000), hiyo ni baiti 2,312,000,000, ndipo libgfortran.a itaanza kulia. Tena hatumii -static-libgfortran. Iangalie amri yake tena.

#9 Korongo88
Asanteni. Nimefuata #3 nikajenga mto.f peke yake kwa `-mcmodel=medium`. bufa_ imenyamaza, sasa analia mwingine:

```
sub.o: relocation truncated to fit: R_X86_64_PC32 against symbol `grid_' defined in LARGE_COMMON section in mto.o
```

#10 Nahodha_ELF
Umefanya nusu. medium inahamisha kila arei inayozidi kizingiti (`-mlarge-data-threshold`, kwa kawaida karibu KB 64) kwenda .lbss, .ldata au .lrodata, na COMMON kubwa inakuwa LARGE_COMMON. Sehemu hizo hukaa nyuma ya .bss ya kawaida. Ndiyo faida yake: vitu vidogo vya crt1.o (faili ya kuanzisha programu), libc na libgfortran.a vinabaki karibu na msimbo, hata kama vimejengwa kwa small.

Sasa sub.o ya small bado inadhani grid_ iko karibu. Sheria: kila faili .o *inayoigusa* arei kubwa kwa jina lazima ijengwe kwa medium, na kizingiti kiwe kilekile kwenye faili zote za moduli. Usiweke 65536 huku na 1000000 kule. Arei ya KB 500 itachukuliwa kuwa kubwa na faili moja na ndogo na nyingine.

```
gfortran -O2 -mcmodel=medium -c mto.f sub.f
gfortran -mcmodel=medium mto.o sub.o -L. -lsoma -o mto
readelf -SW mto | grep -E 'bss|ldata'
```

.lbss inatakiwa ionekane na herufi `l` kwenye safu ya alama za sehemu.

#11 BitiNane
Ndiyo maana nilisema large. Huhitaji kukumbuka nani kagusa nini.

#12 Kobe_wa_Assembly
@BitiNane pitia kwanza gharama. Kuita soma_ kwa small ni `call soma_@PLT`, baiti 5. Kwa large yenye PIC:

```
movabs $soma_@PLTOFF, %rax
add    %rbx, %rax
call   *%rax
```

10 + 3 + 2, baiti 15, na mruko umekuwa wa kupitia rejista. Hapo bado. Fanksheni inayohitaji GOT inaanza na lea (7), movabs (10) na add (3) ili kujua GOT iko wapi, na rejista moja imefungwa kwa kazi hiyo. medium haigusi miito hata kidogo. Inalipa kwenye data kubwa tu, na ndani ya kitanzi kompaila kwa kawaida inaitoa movabs (maelekezo yanayobeba thamani ya biti 64) nje ya kitanzi.

La pili ni zito zaidi: kwenye matoleo ya zamani ya GCC, large haihamishi arei kwenda .lbss. Inaziacha .bss ya kawaida. Msimbo wako utafika, ila maktaba tuli za small kama libgfortran.a zitasukumwa kama Bi Rejista alivyosema #8. Yaani large inaweza kukurudishia kosa lilelile likiwa na jina la faili usiyoweza kuijenga upya. Thibitisha kwa readelf kabla ya kubisha.

#13 BitiNane
Sawa, hilo la .lbss nalipokea. Lakini large ina mahali pake: msimbo wenyewe ukizidi GB 2. medium haikusaidii hapo kwa sababu inadhani msimbo ni mdogo.

#14 Kobe_wa_Assembly
Hapo tuko pamoja. Ila .text ya GB 2 igawanye kwenye .so mbili au tatu kwanza. Kila .so inapata GB 2 zake.

#15 Mzee_wa_Far
Vijana mnarudia vita vyetu. Enzi za DOS na Windows 3.x modeli zilikuwa tiny, small, medium, compact, large na huge, na mpaka ulikuwa KB 64 za segimenti. Na kule, tofauti na anavyosema Nahodha, modeli ILIVUKA mpaka wa DLL. DLL (maktaba shirikishi ya Windows) ilikuwa na DS yake, segimenti ya data, lakini ilitumia steki ya aliyeiita, kwa hiyo SS, segimenti ya steki, haikuwa sawa na DS. Pointa ya karibu, biti 16, ya kigezo kilicho kwenye steki ukiipeleka kwa fanksheni inayosoma kupitia DS, inasoma mahali pengine kabisa bila kosa lolote. Ndiyo sababu ya swichi ya /ASw kwenye Microsoft C, na ya LPSTR na LP zote kwenye vichwa vya Windows: kila pointa inayovuka mpaka iwe ya mbali, segimenti na ofseti.

Na tahadhari: medium ya wakati ule ilikuwa msimbo mkubwa, data ndogo. medium ya x86-64 ni msimbo mdogo, data kubwa. Ukisoma mwongozo wa zamani utachagua kinyume.

#16 Nahodha_ELF
Shikamoo mzee. Nakubali kwa Win16, maana kule modeli ilibadilisha ukubwa wa pointa. Kwenye x86-64 pointa ni baiti 8 katika modeli zote, na namna ya kupitisha vigezo haibadiliki. Ndiyo maana .so ya small na programu ya medium zinaelewana.

#17 Mzee_wa_Far
Marahaba. Zinaelewana mpaka mtu asafirishe *data* kwa jina. Hapo sijaridhika.

#18 Kipepeo_wa_Pwani
Mzee kagusa penyewe. bufa_ imo libsoma.so na imo mto. Hii ni rilokesheni ya kunakili, R_X86_64_COPY: linka inatenga nafasi ya GB 0.8 ndani ya mto (.dynbss), na mto unavimba kwa data ambayo ni ya .so. Toa hiyo na tatizo limekwisha. GCC 12 ina `-mno-direct-extern-access` kwa ajili hiyo.

#19 Bi Rejista
Sidhani ni COPY. COPY hutokea pale programu *inarejelea* alama iliyofafanuliwa kwenye .so. Fortran COMMON isiyo na thamani za mwanzo ni ufafanuzi wa kwake, na ujumbe wa kosa unasema "defined in COMMON section in mto.o". Huku ni kutanguliwa: bufa_ ya mto inashinda, na libsoma.so inaelekezwa huko kupitia GOT yake wakati wa kupakia. GB 0.8 za .bss ya libsoma.so zinabaki kama anwani tupu ambazo hakuna anayezigusa.

Kubishana hakuna haja, programu ikishaunganika:

```
readelf -rW mto | grep COPY
```

Ukikuta bufa_, Kipepeo kapatia. Usipoikuta, ni kutanguliwa. Kama soma.c ingeipa bufa_ thamani za mwanzo, yaani ikae .data, mambo yangeweza kugeuka.

#20 Kipepeo_wa_Pwani
Kwa vyovyote GB 0.8 ziko ndani ya mto. Hoja yangu ya uvimbe imesimama.

#21 Bi Rejista
Imesimama, ila swichi uliyompa haitaondoa kitu kama ni COMMON.

Na Korongo, hatari kubwa iko hapa: mtu akijenga libsoma.so kwa `-Wl,-Bsymbolic`, au akaipa bufa_ `visibility("hidden")` au `"protected"`, .so itatumia nakala yake na mto utatumia yake. Programu inaunganika, inaendeshwa, na b imejaa sifuri. Hakuna ujumbe wowote. Hilo halihusiani na modeli, lakini watu hubadilisha modeli siku nzima wakilitafuta.

#22 Fundi_wa_Hipu
Mbona mnazunguka? Arei za namna hii hazitakiwi kuwa tuli. Ziweke kwenye hipu, small inatosha, na libsoma.so ipokee pointa:

```
      module data_mto
      real(8), allocatable :: g(:,:), b(:), kazi(:,:)
      end module
```

`allocate(g(15000,15000), stat=ios)`, angalia ios, kisha `call soma(b, n)`. Upande wa C: `void soma_(double *b, int *n)`. Hakuna alama ya data inayovuka mpaka, hakuna COPY, hakuna kutanguliwa. Kwenye Windows ya biti 64 huna hata hiari, data tuli ya moduli moja haizidi GB 2.

Angalizo moja: .bss huanza na sifuri, allocate haikuahidi sifuri. Msimbo wa zamani mara nyingi unategemea sifuri hizo bila kusema. Andika `g = 0d0` mara baada ya allocate.

#23 Kobe_wa_Assembly
Kwa msimbo mpya ndiyo. Kwa F77 yenye sabrutini nyingi, COMMON kila faili na EQUIVALENCE (majina mawili juu ya kumbukumbu moja) juu yake, si kazi ya jioni moja. Arei ya allocatable haikubaliki ndani ya COMMON wala EQUIVALENCE. medium ni swichi moja.

#24 Fundi_wa_Hipu
Swichi moja leo. Kesho anaweka -fopenmp, arei za ndani ya sabrutini zinahamia steki, na `ulimit -s` inamuangusha kabla hajachapisha mstari. Hapo hakuna modeli itakayomsaidia.

#25 Mwanagenzi_Linka
Na mwenye kompaila ya Intel?

#26 Nahodha_ELF
`-mcmodel=medium` pamoja na `-shared-intel`. Mwongozo wao unazitaka zote mbili, ili maktaba zao za uendeshaji ziunganishwe zikiwa shirikishi. Ukisahau ya pili, unarudi kwenye maktaba tuli za small.

Jambo jingine kwa wanaojenga .so yenyewe kwa medium au large: *usisahau -fPIC*. Kwa small, linka ingekukatalia. Kwa large bila PIC, maelekezo ni movabs yenye R_X86_64_64, na hiyo linka inaweza kuipitisha kwa onyo tu, ikiacha DT_TEXTREL. Kipakiaji kitalazimika kuandika juu ya .text, kurasa hazishirikiwi tena kati ya michakato, na SELinux inaweza kukataa kabisa. Kagua:

```
readelf -d libsoma.so | grep TEXTREL
```

au weka `-Wl,-z,text` ili onyo liwe kosa.

#27 Korongo88
Nimejenga mto.f na sub.f zote kwa medium, libsoma.so sijaigusa. Imeunganika. readelf inaonyesha .lbss yenye `l`, na grep COPY haikutoa kitu.

#28 Bi Rejista
Basi ni kutanguliwa. Sasa hakikisha b inafika: chapisha `b(1)` na `b(100000000)` mara baada ya kuita soma.

#29 Kipepeo_wa_Pwani
Nimekubali kwa COPY. Kwa uvimbe bado.

#30 Korongo88
Zote mbili zina thamani sahihi. Swali la mwisho: ofisini tunahamia seva za ARM, AArch64. gfortran kule inakataa `-mcmodel=medium`.

#31 Kobe_wa_Assembly
Kule GCC ina tiny (±MB 1), small na large. large pamoja na -fPIC haijatekelezwa, itakujibu "sorry, unimplemented". Miito haikusumbui: BL, maelekezo ya kuita, inafika ±MB 128, na zaidi ya hapo linka yenyewe inaweka daraja. Data ya small inatumia ADRP, maelekezo ya kuhesabu anwani ya ukurasa, biti 21 mara kurasa za 4096, yaani ±GB 4 za mfumo wa 1024, baiti 4,294,967,296. bufa_ inaanza 3.6. Itaunganika kwa small bila kubadili chochote.

#32 Nahodha_ELF
Itaunganika kwa bahati ya mpangilio. Ahadi ya small kule ni kwamba programu na data yake tuli vyote viko ndani ya GB 4, na hizi ni baiti 4,400,000,000. Mtu akiongeza COMMON nyingine ndogo baada ya bufa_, inaanzia nje ya masafa na utaona R_AARCH64_ADR_PREL_PG_HI21 imefurika.

#33 Kobe_wa_Assembly
Kinachohitaji kufikika ni mwanzo wa alama, Bi Rejista kaeleza #6. Muda bufa_ ni ya mwisho, hakuna kinachovunjika.

#34 Nahodha_ELF
Na kompaila ikiamua kukunja ofseti ndani ya ADRP?

#35 Kobe_wa_Assembly
Inakunja ofseti ndogo tu, haifiki mwisho wa arei.

#36 Fundi_wa_Hipu
Au allocate.

#37 Bi Rejista
Korongo, toa kazi kwenye SAVE, iwe allocatable peke yake. Haimo kwenye COMMON wala EQUIVALENCE, kwa hiyo ni mistari michache tu. Jumla ya data tuli inashuka hadi GB 2.6, na ahadi ya small ya AArch64 inatimia. Kwenye x86-64, grid_ itaanza karibu na sifuri na bufa_ kwenye 1.8, kwa hiyo huenda hata medium usiihitaji. Lete ramani.txt ya mashine zote mbili tuione.